Nyumba ya Mlango Mmoja

Ukitaka kuona nyumba iliyojengwa na mtu mwoga, nenda Kigongo, upande huu wa daraja, ukaulizie palipokuwa na mashine ya pamba. Mashine yenyewe usiitafute, watu walishaibeba kipande kipande mpaka ikabaki alama ya mafuta ardhini. Nyumba ya mwenye mashine ndiyo ipo, ndefu, imelala kando ya ziwa, na leo mbele yake kuna bango la chuo. Ninayetaka kukusimulia habari zake ni Getruda, mjane wa Mashimba, aliyeishi humo kabla chuo hakijaingia hata kwenye ndoto ya mtu. Lakini habari za Getruda huwezi kuzielewa bila habari za nyumba, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Aliyeijenga aliitwa Jivraj, mnunuzi wa pamba, na bwana huyo aliogopa wezi kuliko alivyomwogopa Mungu. Alipanga vyumba vitano kwenye mstari mmoja kama mabehewa ya treni, kila kimoja kinafungukia kinachofuata, hakuna korido, hakuna uchochoro. Mlango wa kutokea nje ulikuwa mmoja tu, kule mwanzo, na madirisha yote akayapiga nondo. Yeye alilala chumba cha tano na sanduku lake, ili mwizi akitaka kumfikia awapite kwanza mpishi, shemeji, watoto na mkewe. Wezi kweli hawakuwahi kuingia. Ila siku moja godoro lilishika moto chumba cha pili, moshi ukaijaza nyumba, na Jivraj akatolewa nje amezungushiwa blanketi bichi kama sambusa. Akaapa kwamba atatoboa mlango wa pili upande wa ziwa. Moshi ulipokwisha akawakumbuka wezi, akaghairi.

Miaka ikapita, Jivraj akaenda zake, nyumba ikawa ya chama cha ushirika. Chama kikaleta makarani, makarani wakajaza pamba mpaka vyumbani, pamba ikaleta panya, panya wakaleta paka, na kuna kipindi wapangaji pekee wanaojulikana walikuwa mbuzi wa katibu. Ndipo Mashimba alipoajiriwa ulinzi na kupewa chumba cha tano, na Getruda akaletwa humo bibi harusi, msichana wa Misungwi ndani ndani ambaye hajawahi kukaa karibu na maji. Wiki nzima ya kwanza alidhani mawimbi ni watu wanaofua nguo, akawa anashangaa watu gani hao wasiochoka.

Mashimba alikuwa mrefu kupita kiasi. Vitanda vyote vya dukani vilimwacha miguu nje, na mbu wa Kigongo walifaidi. Mashine ilipokufa, akachukua mbao za mvule za kile kishinikizo cha kufungia marobota, akaziingiza chumbani moja moja, akaziunga kwa boliti za mashine hiyohiyo, akatengeneza kitanda ambacho mpaka leo hakijapata mwenzake. Nguzo nne zinafika darini kushika chandarua. Kichwani ubao mzito, miguuni ubao mzito, chini boksi la kuwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alipomaliza akataka kukitoa nje awaringishie rafiki zake. Hakikutoka. Akakilaza ubavu, akakisimamisha, akakipindua, kikagoma kila namna, na mlango wa kwenda chumba cha nne ukabaki na makovu. Mashimba akaketi juu yake akacheka, akamwambia mkewe kwamba maadamu wao hawahami, tatizo liko wapi.

Kweli hawakuhama. Queen, mtoto wao wa pekee, alizaliwa juu ya kitanda hicho kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia ya zahanati. Mashimba alifia juu ya kitanda hicho. Kabla ya kukata roho alimwambia Getruda asiiache nyumba bila mtu. Wakati huo chama cha ushirika kilikuwa kimeshajifia kitambo, hakuna aliyejua nyumba ni ya nani, lakini Getruda hakuona hilo linamhusu nini. Alifagia vyumba vyote vitano kila asubuhi, akafukuza popo, akaanika michembe barazani, jioni akafunga kufuli. Sokoni walimuuliza analinda nini. Aliwajibu kwamba analinda nyumba, kwani wao hawana macho? Alikuwa na haja moja tu duniani, na hakuificha: afie chumba kile, kwenye kitanda kile, kama mumewe.

Halafu daraja likafunguliwa. Watu waliozoea kukaa Kigongo kusubiri kivuko, wakila sato wa kukaanga na kusema watu, sasa wakawa wanapita juu kwa juu bila kusimama, na ghafla kila mwenye akili ya biashara akaona hapo ndipo katikati ya dunia. Mmoja wao alikuwa Mutayoba, Mhaya wa Kagera, mstaafu aliyesoma mpaka vitabu vikamchoka. Akainunua nyumba kihalali, akaja kufungua Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Hakuwa mtu mbaya. Alimkuta Getruda barazani, akamwamkia vizuri, akamwambia atabaki kama mlezi wa wanafunzi kwa muda. Hilo neno "kwa muda" Getruda hakulipenda tangu lilipotoka mdomoni.

Mutayoba akamuuliza pia historia ya nyumba, maana chuo kipya, alisema, kinahitaji kitu cha kale nyuma yake. Getruda akamweleza yote, blanketi na panya na mbuzi wa katibu. Mutayoba akasikiliza kwa heshima zote, na baada ya siku chache bango likasimama getini likitangaza kwamba katika jumba hili walipumzika wapelelezi wa Kizungu walipokuwa wakitafuta chimbuko la mto Naili. Getruda aliuliza walilala chumba gani, maana yeye ndiye anayefagia.

Mkuu wa chuo aliletwa Jumatatu. Getruda alikuwa anageuza michembe kwenye ungo, gari likasimama, Mutayoba akashuka huku anahutubia, na nyuma yake akashuka kijana mwenye shati la mikono mirefu na kisogo kipana. Getruda alikijua kile kisogo. Alikiona mara moja tu maishani, siku ya mahari nyumbani kwa kaka yake Misungwi, akiwa amejifunika kanga mpaka machoni. Kilikuwa kisogo cha Shigela, mume wa Queen.

Kwa Wasukuma wa upande huo, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakutani njiani. Mmoja akimwona mwenzake kwa mbali anaingia majanini. Na kitanda cha mama mkwe, ndugu yangu, hicho mkwe hakioni hata kwa bahati mbaya. Usicheke. Ni heshima, na ni heshima inayochosha kwelikweli. Getruda akautupa ungo, akajirusha nyuma ya pipa la maji. Shigela naye akaona pindo la kanga likiishia nyuma ya pipa, akaelewa, akarudi garini kinyumenyume akafunga mlango. Mutayoba akabaki peke yake katikati ya michembe iliyomwagika, akiwatambulisha watu ambao hawapo.

Maskini Shigela hakujua. Siku zote Queen alimwambia kwamba mama anakaa kwenye mashine ya pamba. Tangazo la kazi lilisema Kampasi ya Ghuba. Nani angeunganisha? Kazi alikuwa ameihangaikia muda mrefu, Queen alikuwa mjamzito, kwa hiyo kukataa hakuweza. Getruda naye kuondoka hakuweza, kwanza kwa sababu ya wosia wa Mashimba, pili kwa sababu ya kitanda.

Sasa hebu waweke hao wawili kwenye nyumba ya Jivraj. Getruda yuko chumba cha tano, na kila akitaka maji, kuni au choo, lazima apite vyumba vyote vinne. Mkuu ukimweka chumba chochote kati ya hivyo, mama mkwe anampitia mbele ya meza. Ukisema Getruda ahamie chumba cha kwanza, basi mkuu kila akiingia kazini anapita mahali anapolala mama mkwe wake, na hilo ni afadhali afe. Mutayoba alishauri wakae tu kama watu waliosoma. Akaeleza kwamba yeye na marehemu mama mkwe wake walikuwa wakicheza karata. Getruda, aliyekuwa anasikiliza nyuma ya pazia, alijishika kifua.

Mwishowe ofisi ya mkuu ikawekwa chumba cha nne, na dawa ikapatikana kwenye mfuniko wa sufuria. Getruda akitaka kutoka anaugonga mfuniko kwa mwiko. Shigela anainuka, anakwenda kusimama akilitazama kabati la majalada mpaka kandambili za mama mkwe zimalize kupita. Getruda akirudi, mfuniko unalia tena kuanzia barazani. Wageni wa mkuu wakawa wanajikuta wanazungumza na mgongo. Kuna siku alikuwa kwenye simu na mkubwa mmoja wa Dodoma, akasikika akisema samahani mheshimiwa, nipe dakika, kuna mtu anapita.

Wanafunzi wa kwanza walidhani mfuniko ndiyo kengele ya chuo. Ukilia, wanasimama, ukilia tena, wanakaa. Hakuna aliyewaambia vinginevyo. Wakazoea mpaka wale wa Sengerema wakienda likizo kwao wakawa wanasimama mama zao wakifunua ugali.

Siku iliyotia fora ni ile Shigela alipokuwa anafundisha mwenyewe, chumba cha pili, somo la mila zilizopitwa na wakati. Somo hilo alilijua vizuri. Alikuwa ndiyo kwanza anaeleza kwamba jamii haiwezi kusonga mbele kama watu wa nyumba moja wanakimbiana, mara mfuniko ukalia, akaruka akajibanza nyuma ya ubao. Getruda akapita taratibu na ndoo yake, ameinamisha kichwa. Mwalimu akatoka nyuma ya ubao na chaki puani, akaendelea palepale alipokuwa ameishia. Darasa likavumilia mpaka kipindi kikaisha, ndipo wakatoka nje wakajigaragaza kwa kicheko.

Kuongea nako kulikuwa na njia yake. Getruda akiona bati linavuja juu ya ofisi, anampigia simu Queen, aliyekuwa na kibanda cha ushonaji Buhongwa, Queen anampigia mumewe, mumewe anajibu, Queen anarudisha jibu kwa mama. Watu wawili wametengwa na ukuta wa tofali moja, na maneno yao yanapanda mpaka mjini na kushuka. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, Getruda aliyasikia majibu ya Shigela kabla Queen hajayafikisha, lakini alingoja simu iite ndipo ashukuru. Adabu ni adabu.

Kwa mwendo huo wangeweza kuzeeka. Tatizo ni kwamba Mutayoba aliagiza kompyuta, na kompyuta zilitaka chumba chenye ubaridi na nondo imara, na chumba hicho ni cha tano. Alimwita Getruda akamweleza kwa upole kwamba atapangiwa chumba kizuri Misungwi mjini, karibu na soko. Getruda akauliza, na kitanda? Mutayoba akasema kitahamishwa. Getruda akasema karibuni. Wakaja vijana wenye nguvu, wakasukuma, wakavuta, wakakilaza ubavu nusu, nguzo zikang'ang'ania dari. Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka. Wakatoka wanapumua, mmoja ameteguka kidole.

Mutayoba akamwita fundi Ndalahwa aje akate. Ndalahwa akaingia na msumeno, akautazama ubao wa mvule, akamtazama mjane aliyekaa juu yake ametulia, akaurudisha msumeno kwenye gunia. Akasema kitanda cha mtu hakikatwi mwenyewe akiwa hai, atafutwe fundi wa dini nyingine. Ndalahwa ni Mkatoliki, na Mutayoba pia, na Getruda mwenyewe, kwa hiyo sijui alikuwa anazungumzia dini ipi.

Ndipo Mutayoba akamgeukia mkuu wake, akamtaka aingie yeye atazame namna. Shigela akalitazama kabati. Akasema kazi yoyote chuoni hapo ataifanya, hata kuzibua choo, ila chumba hicho hawezi kuingia. Getruda, upande wa pili wa ukuta, akasikia, akapumua. Lakini hakujidanganya. Mtu mwenye mke mjamzito hawezi kumbishia bosi wake siku zote.

Wakaguzi wa usajili wa vyuo wakaja. Mmoja alibeba futi ya kupimia, wa pili, mama mwembamba mwenye miwani, ndiye aliyekuwa anaongea. Wakapita chumba baada ya chumba, mpaka ofisini, mama akauliza mbele kuna nini. Shigela akajibu kwamba yeye anaishia hapo. Mama akadhani pamefichwa kitu, akaingia haraka, akamkuta Getruda ameketi juu ya kitanda kinachogusa dari, amevaa kitenge chake cha kanisani, anamsubiri. Mutayoba akasema kwamba huyo mama ni sehemu ya historia ya jumba. Mkaguzi, aliyekuwa amelisoma bango getini, akauliza kama hicho ndicho kitanda cha wapelelezi. Getruda akamjibu kwamba hapo wamelala yeye na marehemu mumewe, mpelelezi hajamwona.

Kisha mkaguzi akauliza swali alilolikimbia Jivraj. Moto ukianza kule mlangoni, watu wa huku mwisho watatokea wapi? Getruda, kwa nia njema kabisa, akaieleza habari ya blanketi bichi. Uamuzi ukatoka palepale: chuo hakisajiliwi mpaka utobolewe mlango wa pili, upande wa ziwa, kwenye ukuta wa chumba cha tano.

Unaona mambo yanavyogeuka. Getruda alitegemea Mutayoba akunje uso, akashangaa kumwona anachekelea mpaka jino la mwisho. Kitanda kilichogoma kupita ndani sasa kingetoka moja kwa moja nje kupitia ukutani. Mutayoba akamwagiza Shigela asimamie ujenzi, mlango uwe mpana wa kutosha kukipitisha, halafu yeye akasafiri kwenda Bukoba msibani. Yote hayo yalisemwa ofisini, na ukuta ni ule ule. Getruda akauma pindo la kanga akalia, kitu ambacho hakukifanya tangu Mashimba azikwe. Mutayoba hakumuumiza, Mutayoba alikuwa mtu baki. Kilichomuuma ni kwamba atakayemtoa ni mkwewe, mtu ambaye wamekimbiana kwa heshima zote kutoka chumba hadi chumba.

Jioni simu ikaita. Queen akasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa, kwamba mwenzake anauliza kitanda kina upana gani, ule upande wake mdogo. Kumbe ndivyo, akawaza Getruda, anapimiwa kabisa. Akakipima kwa kiganja, shibiri kwa shibiri, upande ambao ungetangulia kutoka. Shibiri sita. Getruda hakuwa mwongo. Hata lile bango la wapelelezi alikuwa akiliombea msamaha kila Jumapili. Hata hivyo akamwambia binti yake ni shibiri tano.

Alikwisha kupiga hesabu. Wangetoboa mlango wa shibiri tano na kidogo, kitanda kingeingia ukutani kikakwama, nusu chumbani nusu ziwani, na yeye angepanda akakaa juu yake. Hapo waje na blanketi lao wamtoe.

Kazi ikaanza. Ndalahwa alitoboa kutoka nje, na Shigela akasimamia kwa mgongo. Nasema kwa mgongo, maana tundu likifunguka tu kitanda cha mama mkwe kingeonekana. Basi mkuu wa chuo akasimama kutwa analitazama ziwa, anatoa maagizo juu ya bega, na ilipofika kupima upana akarudisha mkono nyuma kumpa fundi kijiti alichokikata mwenyewe. Ndalahwa akauliza kitu kwa sauti ya mshangao. Shigela akamwambia afuate kijiti. Ndani, Getruda aliketi juu ya kitanda chake vumbi likimwangukia kichwani, naye ameupa ukuta kisogo. Hakutaka kuona. Upepo wa ziwa ulipoingia na kukitikisa chandarua, alijua tu kwamba tayari nyumba ina tundu.

Siku ambayo mkaguzi angerudi, Mutayoba naye akarejea kutoka msibani, na nyuma yake wapagazi wa zamani wa kivukoni wakiwa na kamba. Wakazunguka upande wa ziwa. Mlango ulikuwepo, fremu ya mninga, komeo jipya linang'aa. Ila ulikuwa mwembamba. Mwembamba hasa. Mutayoba akautazama kwa muda, akaujaribu kwa kutanguliza kifua, tumbo likakataa. Akageuka ubavu, akavuta pumzi, akapita, na saruji mbichi ikamchora mstari mrefu kwenye koti la msibani. Wapagazi wakautazama mlango, wakakitazama kitanda kwa ndani, wakaanza kukunja kamba zao bila kuambiwa.

Mutayoba akamwakia Ndalahwa. Ndalahwa akasema yeye alipewa kipimo. Mutayoba akataka kujua ni kipimo gani hicho cha kupitishia paka, na nani aliyekitoa. Shigela alikuwa amesimama pembeni, bado analitazama ziwa.

"Kosa ni langu, mzee," akasema. "Nilipimia mgongo."

Mutayoba akatangaza kwamba ukuta utabomolewa upya siku hiyohiyo. Lakini mkaguzi mwembamba alikuwa ameshapita pale mlangoni, akatoka, akaingia tena, bila kugusa fremu, na akaridhika. Mtu anapita, alisema, na moto ukija watu watatoka mmoja mmoja kwa utaratibu. Akaweka fomu juu ya paja lake, akaigonga mhuri. Akaongeza kwamba ukuta huo ukiguswa tena ukaguzi utaanza mwanzo, na kwamba kumweka mlezi wa wanafunzi alale kando ya mlango wa dharura ni jambo la busara ambalo vyuo vingi havilifikirii, sijui ni nani aliyeliwaza? Mutayoba alikuwa na hasira, mstari mweupe koti zima, lakini hakuwahi kuiacha sifa ipite hivihivi. Akasema aliliwaza yeye. Kompyuta zikaenda chumba cha tatu.

Walipoondoka wote, Getruda akashuka kitandani. Akausogelea mlango, akauwekea kiganja. Moja. Mbili. Tatu, na vidole viwili. Akapima tena akidhani uzee umemwingia mkononi. Tatu na vidole viwili.

Akaketi. Yeye alisema tano. Mtu aliyetaka kukitoa kitanda angetoboa tano na kuzidi. Aliyekosea angekosea kidole, haya, akosee viwili. Mtu hakosei shibiri nzima na ushee, hata akipimia kisogo. Getruda akaona haya mpaka masikio yakamuwasha, na juu ya ile haya ikaja furaha, akashindwa kujua ashike ipi. Akavuta komeo, akatoka. Tangu aletwe humo bibi harusi hajawahi kutoka nyumba ile bila kupita vyumba vinne vya wengine, wawe makarani, mbuzi, popo au mkwe. Akasimama nje, maji yale pale, hakuna wa kumwomba njia. Akarudi ndani, akafunga, akafungua tena, akatoka tena.

Kisha akachukua simu, akampigia Queen.

"Mwambie mkwe kile kitanda kina shibiri sita," akasema. "Mwambie nilimdanganya."

Queen akakata simu. Upande wa pili wa ukuta simu ikaita. Getruda akasikia Shigela anapokea, anasikiliza, halafu anacheka. Hakuwahi kukisikia kicheko cha mkwewe. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu mwenye nafasi. Maneno yaliyofuata angeweza kuyasikia pia, lakini akaziba masikio kwa kanga, akangoja simu yake.

"Mama," Queen akasema, "anasema alijua. Mimi nilimwambia ni sita kabla sijakupigia, si nimezaliwa hapo? Akasema hata hivyo uulizwe, haifai kupima kitanda cha mtu mwenyewe hajaulizwa."

Getruda akaiweka simu juu ya kitanda. Hakuwa tena na safari ya kupita ofisini, mlango wake huo hapo, lakini akauchukua mfuniko wa sufuria, akaugonga. Upande wa pili kiti kikaburuzwa, Shigela akainuka, akaenda akasimama akilitazama kabati.